Kumi na Sita Juu ya Ishirini

Wiki nzima sikupumua. Watu wananisimamisha kanisani, dukani, mpaka ndani ya lifti, na wote wana swali moja: Mama Spéciose aliona nini kwenye ile karatasi?

Haya, tulieni. Tulimwacha mbele ya watu, katika ukumbi wa chini wa kanisa, pale Weston Road, Jumapili baada ya ibada. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya boksi la kura, mwingine umeshika karatasi ya kwanza. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akavua miwani.

"Hii si kura," alisema. "Hii ni buletini ya shule, ripoti ya alama."

Akairudisha miwani puani, akasoma kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Yvette, kumi na sita juu ya ishirini. Pascal, kumi na moja juu ya ishirini, anaongea sana darasani. Landry, tisa na nusu, angefanya vizuri zaidi kama angekuwa anafika mapema."

Ukumbi ukaangua kicheko. Landry, kinyozi wetu, akasimama kujitetea kwamba siku ile basi lilichelewa, na ndiyo kwanza watu wakazidi kucheka.

Gaël peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya meza, mikono kichwani, uso umempauka.

Kwa wewe uliyelichukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikupe habari kwa haraka, kisha tukimbie. Gaël ni kijana wa Uvira. Anapakia mizigo kwenye ghala moja kule Mississauga, na muda wote unaobaki anaumaliza kwenye jambo moja tu: anataka Kanada ibadilishe namna ya kuhesabu kura za taifa. Sasa hivi mpiga kura anamchagua mtu mmoja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake anapita, hata kama watu wengi hawakumtaka. Gaël anataka mpiga kura awapange wagombea wote: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa mwisho anatolewa, kura zake zinahamia kwa wale waliopangwa baada yake, mpaka mmoja apate zaidi ya nusu. Hiyo tu. Kijana amelizungumza miaka minne, mpaka marafiki zake wanavuka barabara wakimwona.

Na yule mama aliyekaa kiti cha mbele, sahani ya sambusa magotini, ni Mheshimiwa Shafina, mbunge. Familia yake ilitoka Mwanza, sasa wako Unionville, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha nusu ya watoto wetu. Kamati ya bunge inayolipima jambo hili imegawanyika katikati. Watapiga kura Jumanne, na kura yake ndiyo itakayoamua.

Aliwahi kumwambia Gaël hivi: "Maprofesa wameniletea michoro mpaka macho yananiuma. Wewe niletee watu. Nikiona watu wa kawaida wamepiga kura hivyo na wakaelewana, nitasema ndiyo. Wakichanganyikiwa, nitasema hapana, na usinipigie simu tena."

Gaël akamletea uchaguzi wetu wa mwenyekiti wa jumuiya.

Sasa sikiliza upumbavu wenyewe. Mwenyekiti wetu ni Papa Pascal. Ameshika kiti hicho tangu Landry akiwa na nywele. Kila uchaguzi wanasimama wapinzani wawili, safari hii ni Landry na Mama Yvette, wanagawana watu wasiomtaka Pascal, na Pascal anapita katikati yao huku anapunga mkono. Hesabu mpya ndiyo kitu pekee kinachoweza kumng'oa. Na Papa Pascal ana binti, Jolie, nesi, ambaye Gaël amempenda mpaka amekonda. Jumamosi inayokuja wazee wa Gaël wanakwenda nyumbani kwa Papa Pascal kuzungumza mahari.

Mnaona alivyojitega mwenyewe? Nilishasema tangu mwanzo, huyu kijana hana akili ya kuoa.

Turudi ukumbini.

Karatasi ya pili ilikuwa sawa: moja, mbili, tatu. Gaël akashusha pumzi. Ya tatu ilisema kumi na nane, kumi na mbili, kumi. Ya nne, moja, mbili, tatu. Ya tano ilikuwa na pointi za desimali na maneno "aongeze bidii katika hesabu." Mheshimiwa Shafina aliacha kutafuna.

"Nani amewaambia mtoe pointi?" Gaël aliuliza.

Akina mama waliokuwa karibu na mlango wa jikoni wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Nauliza tu. Sitamlaumu mtu."

Mama Spéciose akakohoa. "Ni mimi."

"Mama, wewe ndiye msimamizi wa uchaguzi."

"Ndiyo maana waliniuliza mimi. Wewe ulieleza, ukaeleza, ukachora mishale ubaoni, watu wakasinzia. Wakanifuata jikoni, wakaniuliza, yule mtoto anasema nini? Nikawajibu, anataka kila mgombea mumpe anachostahili. Nimekuwa mkuu wa shule Uvira na Bujumbura. Sijui namna nyingine ya kumpima mtu."

"Wangapi walikufuata jikoni?"

"Siku hiyo kulikuwa na sombe, yale majani ya muhogo," alisema Mama Spéciose. "Wengi."

Mheshimiwa akaweka sahani chini. Akamtazama Gaël kwa huruma, na huruma ya mbunge si kitu kizuri siku mbili kabla ya kura.

Hapo ndipo Papa Pascal aliposimama. Suti ya buluu, viatu vinang'aa, tumbo limetangulia. Yule mzee alikuwa amefurahi, jamani. Alijaribu kununa lakini furaha ilimshinda.

"Ndugu zangu, na mgeni wetu mheshimiwa, mmejionea wenyewe. Mimi sina neno baya juu ya huyu kijana. Ni mtoto wa nyumbani. Lakini mchezo huu wa namba umetushinda. Tunyooshe mikono kama siku zote. Mtu mmoja, mkono mmoja, halafu tukale."

Harufu ya samaki ilikuwa imeshafika mpaka viti vya nyuma. Watu wakapiga makofi.

"Kila mwaka tunanyoosha mikono, na kila mwaka unapata wewe," alisema Landry.

"Sasa unataka niwakate watu mikono?"

"Nataka tuhesabu."

"Utahesabu nini, tisa na nusu?"

Kicheko tena. Mama Yvette, mgombea wa tatu, alikuwa amekaa pembeni. Huyu ni yule anayekwenda kuwapokea wageni uwanja wa ndege hata theluji ikianguka, na anayejua nani hana koti na nani hana daktari. Hajui kuhutubia. Alishika mkoba wake akangoja.

Papa Pascal akampitishia Gaël mkono begani, akamvuta taratibu mpaka kwenye kona ya makoti. Kwa mbali ungesema baba na mwanawe wanapanga safari.

"Mwanangu, unampenda Jolie?"

"Nampenda, Papa."

"Jumamosi wazee wako wanakuja kwangu."

"Wanakuja. Mjomba anatoka Montréal."

"Vizuri. Sasa niambie, watamkuta nani pale? Watamkuta mwenyekiti, au watamkuta mzee aliyeangushwa na mkwe wake mwenyewe, mbele ya mbunge?"

Gaël akatikisa kichwa. "Papa, haya mambo mawili hayahusiani."

"Kwako hayahusiani. Kwangu ni nyumba moja." Papa Pascal akamwekea sawa kola ya shati, kwa upole kabisa. "Sikutishi. Nakwambia tu kwamba mtu akishavuliwa cheo, anakaa ndani, anafunga mlango, hapokei wageni. Nenda pale mbele useme zoezi limeharibika. Hata si uongo. Limeharibika."

Ndugu msomaji, wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Wewe hujamwona Jolie. Mimi nimemwona, na nakwambia kwamba hata mimi ningesema limeharibika, na ningeomba radhi kwa Kifaransa na Kiingereza.

Gaël alirudi mbele. Alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mheshimiwa Shafina akamgeukia.

"Ndiyo, Gaël. Tunafanyaje?"

"Mheshimiwa." Akageukia ukumbi. "Ndugu zangu. Nimefikiri, na naona kwamba zoezi hili..."

"Samahani kidogo."

Sauti ilitoka mlangoni mwa jikoni. Jolie huyo, aproni kiunoni, mwiko mkononi, na sidhani kama alijua kwamba bado ameushika.

"Mama Spéciose," alisema, "shuleni kwako, siku ya proklamasyo, siku ya kusoma matokeo, mlikuwa mnasomaje?"

Mama Spéciose akanyooka. "Wanafunzi wote uwanjani kwa mistari. Wazazi nyuma. Ninaanza na wa kwanza darasani, nashuka mpaka wa mwisho."

"Mwenye kumi na sita na mwenye kumi na moja, nani anasomwa kwanza?"

"Hilo nalo ni swali la kumuuliza mkuu wa shule?"

"Basi mwenye kumi na sita ni namba moja. Mwenye kumi na moja ni namba mbili. Mwenye tisa na nusu ni namba tatu." Jolie akatazama ukumbi mzima. "Watu wameshawapanga. Hakuna kilichoharibika."

Ikaanzia nyuma, ile "aaaa" ndefu ya watu walioelewa kwa pamoja. Hakuna mtu mzima mle ndani ambaye hajawahi kusimama uwanjani juani akisubiri jina lake lisomwe. Jambo ambalo Gaël alilieleza kwa mishale, kila mmoja alikuwa analijua tangu ana miaka saba.

Mheshimiwa Shafina alicheka mpaka akajishika ubavu. "Mimi nilisoma Mwanza mpaka darasa la tano," alisema. "Nilikuwa wa thelathini na mbili. Mama yangu hajasahau mpaka leo."

"Mlikuwa wangapi?" aliuliza Mama Spéciose.

"Thelathini na tatu."

Jolie akamtabasamia Gaël kutoka kule mlangoni, tabasamu la mtu aliyemwokoa mpenzi wake. Hakujua baba yake amesema nini kwenye kona ya makoti. Maskini, alikuwa amemchimbia shimo, na alilichimba kwa mapenzi.

Gaël alisimama katikati yao, midomo wazi. Kila mtu alikuwa anamsubiri amalize sentensi yake.

"Zoezi hili linaendelea," alisema.

Papa Pascal akakaa.

Landry, ambaye hachoki, akanyoosha kidole. "Swali. Mtu akiandika moja, mbili, tatu, tutajuaje kama ni nafasi au ni pointi?"

"Swali zuri, ingawa limekuja kwa kuchelewa kama kawaida," alisema Mama Spéciose. "Sikilizeni wote, ili mtu asije akalia baadaye. Aliyeandika moja, mbili, tatu, hiyo ni nafasi. Moja ndiye wa kwanza. Aliyeandika zaidi ya tatu, hizo ni pointi. Mwenye nyingi ndiye wa kwanza. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Papa Pascal akafungua mdomo, akaufunga.

"Mwenyekiti, una neno?"

"Sina."

"Naona kama unalo."

"Endelea, Mama, watu wana njaa."

Alianza kujifuta jasho kwa leso. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikadhani ni njaa kweli.

Wakahesabu. Mafungu matatu mezani, Gaël upande huu, Mama Spéciose upande ule, na mheshimiwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa meza. Hesabu ya nafasi ya kwanza ilipokwisha, hali ilikuwa hivi: Papa Pascal, thelathini na moja. Mama Yvette, ishirini na saba. Landry, nane.

Watu wa Papa Pascal wakainuka kushangilia. Mmoja alishaanza wimbo.

"Kaeni," alisema Gaël. "Hajafika nusu."

"Lakini anaongoza," alisema mwenye wimbo.

"Anaongoza. Jumlisha za Mama Yvette na za Landry, utaona kwamba wengi humu ndani walimtaka mtu mwingine."

Aliyasema hayo bila kumwangalia Papa Pascal. Nilimwona anavyojitahidi kutomwangalia.

Mama Spéciose akasimama, akashika karatasi ya Landry kama anashika cheti. "Landry, wa tatu kati ya watatu. Anarudia mwaka."

Landry akainama, akapigiwa makofi mengi kuliko yote aliyowahi kupata katika kugombea uongozi. Kisha zikachukuliwa zile kura zake nane, ili kuona kila mwenye kura alimweka nani baada ya Landry.

"Yvette," alisoma Mama Spéciose. "Yvette. Pascal."

Papa Pascal alikuwa anahesabu kwa vidole, chini ya koti.

"Yvette. Yvette. Yvette."

Mwenye wimbo alinyamaza.

"Pascal."

Ikabaki moja. Papa Pascal alikuwa na thelathini na tatu, Mama Yvette thelathini na mbili. Kule jikoni kitu kilianza kuungua na hakuna aliyekwenda.

"Yvette."

Thelathini na tatu kwa thelathini na tatu. Mheshimiwa Shafina alikuwa amesimama bila kujua kama amesimama. Nilimsikia anasema peke yake, "Hii hata Ottawa hatuna."

"Sare," alisema Landry. "Turushe sarafu."

"Hatuchagui mwenyekiti kwa kamari," alisema Mama Spéciose. Alikuwa amekunja uso, anahesabu tena kwa macho. "Na kuna kitu hakiko sawa. Niligawa karatasi sitini na saba kwa mkono wangu. Hapa zipo sitini na sita."

Akachukua boksi. Lilikuwa boksi la ndizi, refu, lenye mikunjo chini. Akaligeuza, halikutoa kitu. Akalitikisa. Akalipiga makofi ya mgongoni, kama anamcheulisha mtoto. Kutoka kwenye mkunjo wa chini kikadondoka kikaratasi kidogo, kimekunjwa na kukunjwa mpaka kikawa kama hirizi.

"Mwenye hii alikuwa anaficha dhahabu," alisema Landry.

Mama Spéciose alikunjua. Akakunjua tena. Ilichukua muda, na ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

"Yvette, moja," alisoma. "Landry, mbili. Pascal, tatu."

Upande wa Mama Yvette ulilipuka kwa vigelegele. Upande wa Papa Pascal ukalipuka kwa mabishano. Mwenye wimbo alipiga meza.

"Hizo ni pointi. Mtu amempa Papa Pascal tatu juu ya tatu. Kila mtu anaona."

"Tulikubaliana kabla," alisema Landry.

"Tulikubaliana kabla hatujajua kwamba itaamua kura moja."

Mama Spéciose akapiga kofi moja, wakanyamaza wote, hata mheshimiwa. "Msemaji wa jambo hili yupo. Gaël, njoo uitazame mwenyewe, utuambie. Ni nafasi, au ni pointi?"

Gaël akapokea ile karatasi.

Wino ulikuwa wa kijani.

Kalamu zote za ukumbini zilikuwa nyeusi, zile za bure za benki. Mtu mmoja tu katika jumuiya yetu anaandika kwa kijani. Anasema mkubwa lazima atofautiane na wengine hata kwa wino, na kalamu hiyo haitoki mfuko wa juu wa koti lake hata akienda msibani. Gaël aliinua macho. Papa Pascal alikuwa ameufunika ule mfuko kwa kiganja, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Hapo Gaël akaelewa yote, na mimi nikaelewa nilipoona uso wake. Siku ya maelezo mzee hakuhudhuria, maana mwenyekiti hafundishwi. Mtu fulani akamwambia njiani kwamba namba ni kuanzia moja hadi tatu. Na Papa Pascal, kama kila mtu aliyesoma kwetu, alijua kwamba namba kubwa ndiyo nzuri. Akajipa tatu, alama zote. Akampa Mama Yvette moja, na alikunja karatasi hivyo ili asijulikane kwamba amejipigia kura mwenyewe na kumfelisha mama wa watu.

Kwa hiyo moyoni mwake alikuwa amejichagua. Gaël alijua hivyo. Ukumbini tulikuwa watatu tu tuliojua: yeye, mzee mwenyewe na mimi.

"Gaël," alisema mheshimiwa. "Unasemaje?"

Neno moja lingetosha. Pointi. Papa Pascal mwenyekiti, Jumamosi wazee wanakaribishwa, Jolie anavaa kitenge kipya. Na lingekuwa neno la kweli, hilo ndilo lililomtesa. Lakini mheshimiwa angeuliza, umejuaje? Na kama sheria iliyokubaliwa na watu wote inapindishwa kwa ajili ya baba mkwe, basi miaka minne ilikuwa ya nini?

Papa Pascal alimtazama. Hakumtishia. Alimwomba. Sijawahi kumwona yule mzee akiomba kitu.

"Tulikubaliana kabla ya kuhesabu," alisema Gaël. Sauti ilikuwa ndogo mpaka wa nyuma wakaulizana amesema nini. "Moja, mbili, tatu ni nafasi. Kura hii ni ya Mama Yvette."

Vigelegele vikapanda mpaka dari. Mama Yvette alishika mdomo kwa mikono miwili. Akina mama walimvuta mbele, na alipofika mezani aliomba aione ile karatasi iliyompa kiti.

"Lakini huu wino," alisema.

Akageuka. Landry naye akageuka, na baada yake ukumbi mzima, vichwa vyote kwa zamu, mpaka vikatua kwenye ule mfuko wa koti la buluu.

Papa Pascal alikuwa amenaswa. Akikana, kalamu iko mfukoni. Akieleza alichokusudia, itabidi aseme mbele ya mbunge na mchungaji na samaki kwamba alijipa alama zote na akamzawadia Mama Yvette moja. Nilimwona akiitoa kalamu taratibu, akiitazama. Kisha akaweka mkono kifuani.

"Ndiyo," alisema. "Ni yangu."

Akaiinua kalamu wote waione.

"Nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu. Asubuhi ya leo nilipiga magoti, nikajiuliza, Pascal, wewe unapenda kiti, au unapenda watu?" Sauti ikamkwama, na mimi sijui kama ilikwama kwa kweli au aliikwamisha. "Nikachukua kalamu yangu. Nikamweka Mama Yvette wa kwanza. Mimi nikajiweka wa mwisho. Nilikunja karatasi sana kwa sababu nilitaka iwe siri yangu na Mungu."

Uongo mtupu, mchana kweupe, chini ya kanisa.

Na watu wakalia. Mama Yvette alimkumbatia mpaka miwani yake ikadondoka. Mwenye wimbo alianzisha wimbo mwingine. Landry alimwahidi kumnyoa bure mpaka Krismasi. Mama Spéciose peke yake alimtazama kwa lile jicho la mkuu wa shule, akamtazama, kisha akaanza kukusanya karatasi.

Mheshimiwa Shafina alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha sambusa. "Nimekaa bungeni, nimeona mengi," alisema. "Sijawahi kuona mtu anamweka mpinzani wake nafasi ya kwanza. Jumanne nitasema ndiyo. Na nitawasimulia wote habari za Mzee Pascal."

Gaël alisikia neno lile, ndiyo, neno alilolisubiri miaka minne. Aliona Jolie mlangoni, analia na kucheka, anajivunia baba yake kuliko siku zote. Akaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha salama.

"Mkwe wangu," aliita Papa Pascal, mikono wazi. "Njoo hapa, mkwe wangu."

Alilisema mbele ya watu wote, mkwe. Akina mama wakapiga vigelegele upya. Gaël akaenda mbio kama mtoto, akajitupa kifuani kwa yule mzee, na simu zikainuliwa kila upande kupiga picha. Papa Pascal alimpigapiga mgongoni. Akamsogezea mdomo sikioni, huku anatabasamu na meno yote nje.

"Uliujua ule wino," alimnong'oneza. "Jumamosi wazee wako wasije."

Gaël akajaribu kujitoa. Mzee akamshikilia palepale, na aliyekuwa mbele yao na simu, machozi mashavuni, alikuwa ni Jolie, akiwaambia wasogeleane zaidi na watabasamu wote wawili.